Mashine ya Bwera na Mistari ya Chini

Mwezi uliopita nilirudisha ufunguo wa karakana, na ninyi mafundi niliowaacha kule Kasese mkanitaka niandike niliyojifunza kazini. Nimekubali, ila sitaandika habari za vyeo, maana hizo ziko kwenye faili za ofisi na hazijawahi kutengeneza mashine hata moja. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kati yenu kuna Mukonzo, Mutoro, Muganda na mtu wa Butembo, na hii ndiyo lugha ambayo sote tunaikosea sawasawa.

Jina langu Masika, ingawa wengi wenu mmezoea kuniita Mama Fundi. Nilitoka nyumbani Karambi nikiwa na miaka ishirini, nikaenda kujifunza kazi kwa fundi aitwaye Afande Kule, aliyekuwa na chumba kimoja nyuma ya soko la Kasese. Alikuwa fundi wa magari jeshini kwa muda mrefu. Jeshi aliliacha, lakini Kiswahili chake cha jeshi kilikataa kustaafu. Kwake tulitengeneza cherehani na taipureta.

Siku ya kwanza aliniweka mbele ya cherehani ya fundi nguo mmoja, iliyokuwa ikiruka mshono mara moja moja. Mkono wangu ukaenda moja kwa moja kwenye bisibisi.

"Wewe. Weka chini," akasema. "Kwanza tazama na macho. Halafu sikia na masikio. Mkono ndiyo mwisho."

Nikazungusha gurudumu asubuhi nzima. Iliruka mara tatu tu. Nikamwambia uzi ni mbaya.

"Umejuaje?"

"Nadhani, Afande."

"Nadhani si spana."

Shida ilikuwa sindano iliyopinda kidogo, kiasi kwamba iligusa chuma pale tu kitambaa kilipokunjwa mara nne. Kwenye kitambaa chepesi ilishona vizuri. Nilipoiona hatimaye, Afande hakunipongeza. Alinipa daftari la shule na kalamu.

"Ugonjwa ya kukaa ni rafiki," akasema. "Iko pale pale, inakungoja. Ile ya kuja na kwenda ndiyo adui. Hiyo andika. Ilitokea saa ngapi, mashine ilikuwa inafanya nini, ilikuwa wapi. Andika hata kitu ya ujinga."

Nilikaa naye miaka tisa. Alipofariki, mke wake aliniletea mita yake ya umeme, ile ya zamani yenye mshale. Ninyi mlikuwa mkiicheka pale kwenye rafu. Sasa nitawaambia kwa nini sikuitupa.

Taipureta zikaisha, zikaja fotokopi, kisha printa, kisha mashine za kutarizi, na mwisho mashine za leza. Wa kwanza wenu alipoingia karakana, mashine ya leza ilikuwa kitu cha kawaida. Kwangu ilikuwa kama kuambiwa nitengeneze radi. Mwanga unaochonga mbao hauonekani kwa macho, na macho ndiyo unayoyaharibu. Kwa hiyo nilisoma kila karatasi niliyopata, nikavaa miwani hata mahali ambapo haikuhitajika, nikajifunza pia kwa makosa. Kosa moja mlijue: nilichomoa waya wa mota wakati umeme umewashwa. Draiva, kile kisanduku kinachoisukuma mota hatua kwa hatua, kikatoa moshi mdogo kama wa sigara na hakikuamka tena. Zima kwanza, ungoje, ndipo uchomoe.

Kesi ninayotaka kuwasimulia ilitokea Bwera, miaka yangu ya mwisho kazini.

Kule Bwera, karibu na barabara iendayo Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, alikuwapo mama mmoja wa Butembo anayeitwa Kavira. Alikuwa na mashine kubwa ya leza, ambayo meza yake ilitosha ubao wa urefu wa mtoto wa shule. Alichonga misalaba ya makaburi, zawadi za harusi, vibao vya maofisi na mihuri. Aliifanya kazi hiyo mwenyewe, kwa mikono yake, na aliipenda. Siku moja alinipigia simu.

"Mama Masika, mashini yangu inaruka. Inaandika muzuri, inaandika muzuri, halafu herufi inakimbia pembeni. Minaiwasha tena, inakuwa muzuri. Minaona iko na mapepo."

"Inaruka kila siku?"

"Hapana. Siku mbili iko sawa. Ya tatu inanifanyia haya."

Nilikwenda. Nikachora alama ndogo kwa kalamu ya wino mahali puli, kile kigurudumu kinachovuta mkanda, ilipokutana na mhimili wa mota, alama moja inayovuka vyote viwili, kisha nikaiendesha mashine kwa mwendo wa kasi. Baada ya nusu saa alama ile ilikuwa imeachana kidogo. Skrubu ndogo inayoibana puli ilikuwa imelegea, kwa hiyo mota ilizunguka na puli ikabaki nyuma. Nikaikaza, nikaitia gundi ya skrubu, nikachonga majaribio kwenye maboksi matano ya karatasi bila kasoro. Nikamwambia Kavira imepona, nikarudi Kasese nikijisikia mtu.

Wiki mbili baadaye ikaruka katikati ya kibao cha harusi. Jina la bwana harusi likasogea na kupanda juu ya jina la bibi harusi. Familia ile, watu wa Karambi wenye ucheshi, walisema ni dalili njema, wakakichukua hivyo hivyo. Kavira hakucheka. Mimi pia sikucheka. Nilikuwa nimepata kosa la kweli, nikalirekebisha, kisha nikaacha kutafuta. Mashine inaweza kuwa na magonjwa mawili, na ule mwepesi hujitokeza mbele ili uuone.

Niliporudi Bwera mara ya pili, nilimkuta mzee mmoja amekaa kwenye benchi la Kavira, na ubao umeegemezwa ukutani kando yake. Alikuwa mwembamba, amevaa koti safi lenye kola iliyochakaa. Kavira alinijulisha kwake.

"Huyu ni Mzee Paluku. Alikuwa katekista kule upande wa Beni. Na hii ni mulango yake."

Haikuwa lugha ya kupamba. Ule ubao ulikuwa sehemu ya katikati ya mlango wa nyumba yake, mbao nyekundu ya mti uitwao libuyu, nzito. Walipokimbia vita, watu wa jumuiya yake walitawanyika. Baadaye alirudi mara moja kutazama, akakuta kuta zimeanguka na mlango umesimama kwenye fremu yake. Akaung'oa. Akaupitisha mpakani kwa baiskeli ya kukodi.

"Unataka tuandike nini, Mzee?" nikamwuliza.

Alitoa karatasi mfukoni, iliyokunjwa hadi mikunjo ikaanza kutoboka. "Majina ya batu yetu bale balivuka. Beko wengine Nyakiyumbu, wengine Kasese, wengine beko hapa hapa. Kila siku batu banafika, banauliza, fulani iko wapi, fulani iko muzima? Minachoka kusema, na siku ingine siko pale. Nataka tuweke mulango ku baraza ya kanisa. Mutu akifika, anasoma."

"Kwa nini si karatasi?"

"Karatasi tuliweka. Mvua ilikula. Ingine upepo ilibeba."

Nikautazama ule ubao. Kama mashine ingeruka katikati ya jina, hatungekuwa na mlango mwingine. Na jina lililoharibika, kwa mtu aliyetembea siku nne akimtafuta ndugu, ni sawa na jina lisilokuwapo. Tangu nianze kazi sikuwahi kuogopa ubao kama nilivyouogopa ule.

Tuliyaandika majina yote kwenye kompyuta, mistari thelathini na minne, kisha tukajaribu kwenye boksi lililofunguliwa. Mistari ya juu ilitoka safi. Ya katikati ikatoka safi. Mstari wa thelathini na moja ukakimbilia kulia, na yote iliyoufuata ikakimbia nao.

Mzee Paluku alisimama akalitazama boksi. "Basi tungoje," akasema, akarudi kukaa.

Kavira alikuwa na maelezo yake. Kwanza aliulaumu umeme, na alikuwa amekwisha kununua kifaa cha kuutuliza. Umeme ukatulia, mashine ikaendelea kuruka. Kisha alikuwa amemwita padre kuinyunyizia maji ya baraka. Nilimwomba tu kwamba safari nyingine padre anyunyizie upande usio na waya. Nilibadilisha draiva mbili nafasi, ile ya mwendo wa pembeni na ile ya mwendo wa mbele na nyuma, nione kama ugonjwa utahama. Haukuhama. Nikatazama mkanda, reli, magurudumu. Vyote vinavyohusika na mwendo wa pembeni vilikuwa vizima, na mashine ilikuwa ikiruka pembeni.

Hapo nikakumbuka daftari. Nikamnunulia Kavira la kurasa arobaini, nikamwomba achonge boksi moja asubuhi, moja mchana na moja jioni, na kila mruko auandike. Nikarudi Kasese kwenye kazi nyingine, na Mzee Paluku akaufunika mlango wake kwa gunia, akaenda Nyakiyumbu kwenye shamba lake la mihogo.

Siku kumi baadaye nilikaa kwenye benchi la Kavira na kikombe cha chai, nikasoma. Aliandika kama alivyosema: *Asubui, baridi, mustari ya 32. Muchana, jua, haikuruka. Asubui, baridi, mustari ya 30. Jioni, haikuruka. Muchana, nyuma ya mvua, mustari ya 33. Asubui, Padri alipita, mustari ya 31.* Nilisoma mara ya pili nikiweka kidole kwenye namba tu. Thelathini na mbili, thelathini, thelathini na tatu, thelathini na moja. Hakuna hata mruko mmoja kwenye mistari ya juu. Daima chini, na daima wakati wa baridi.

"Kavira," nikamwuliza, "mashine ikiandika mistari ya chini, daraja liko wapi?" Daraja tunaita ule mhimili unaovuka meza na kubeba kichwa cha leza.

"Iko karibu na mimi. Karibu na tumbo yangu."

Hapo nikaelewa nilikotelezea. Herufi zilikimbia pembeni, na mimi nikakazana na mambo ya pembeni. Lakini mota inayosukuma pembeni imepanda juu ya daraja, na daraja likija mbele, waya wa mota hiyo unakuja nalo, umelala ndani ya mnyororo wa plastiki, ukikunjwa. Ugonjwa ulionekana upande mmoja na ukakaa upande mwingine.

Nilizima umeme, nikangoja, nikachomoa waya kwenye draiva. Kwanza nilitumia mita mpya ya namba. Nikalisogeza daraja mbele kwa mkono, namba zikabaki vilevile. Nikarudia, zikabaki vilevile. Mita ya namba hupima, hufikiri, ndipo ikuambie. Jambo la kufumba na kufumbua linaipita. Nikatoa mita ya Afande Kule kwenye mkoba. Nikabana vibanio vyake viwili kwenye ncha za waya, nikalivuta daraja pole pole, pole pole, kuelekea tumboni mwangu. Mshale ulitulia. Karibu na mwisho wa meza ukaanguka, ukarudi.

"Imekufa, imefufuka," Kavira akasema, akiwa ameinama begani kwangu.

Nililirudisha daraja nyuma na kulivuta tena. Pale pale, mshale ukaanguka.

Nikafungua mnyororo nikautoa waya. Kwa nje ulikuwa mzima, unang'aa. Nilipoupitisha kati ya vidole nikakuta mahali palipolainika, kama mfupa uliovunjika ndani ya ngozi. Aliyeufunga mwanzoni aliuvuta mno, kwa hiyo kila daraja lilipokuja mbele ulikunjwa nukta ile ile moja, maelfu ya mara. Nikapasua ganda. Nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika, zinagusana kwa ncha. Asubuhi ya baridi, ganda linapokakamaa, ncha ziliachana kwa kufumba na kufumbua, mota ikapoteza nguvu, ikakosa hatua chache. Kisha zikagusana tena kana kwamba hakuna lililotokea.

Mzee Paluku alikuwa amerudi siku ile, kwa kuwa Kavira alimpigia simu kwamba nimefika. Kavira akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Masika, unga tu pale palikatika. Tuandike mulango leo. Halafu weye utaleta waya mupya."

Sitawaficha, nilitamani. Kuunga kungechukua dakika kumi. Lakini kiungo ndani ya mnyororo unaokunjwa ni jeraha jipya, na hakuna ajuaye litafunguka lini. Pengine mwezi ujao. Pengine mstari wa thelathini na mbili.

Nikamwendea mzee. "Baba, naweza kuunga leo, na huenda ikafanya kazi. Lakini siwezi kukuapia. Nikileta waya mzima kutoka Kasese kesho, nitakuapia."

"Mulango ilingoja mvua tatu bila nyumba," akasema. "Itangoja kesho."

Nilirudi na waya wa nyuzi nyembamba nyingi, ule unaovumilia kukunjwa, nikaubadilisha wote toka mota hadi draiva, nikauachia ulegevu ili mkunjo usikae nukta moja. Asubuhi iliyofuata tulianza saa moja, baridi ya mlimani ingali mlangoni, makusudi. Tulichonga maboksi kumi. Mistari thelathini na minne mara kumi, na yote imenyooka. Kwenye boksi la mwisho Kavira alipitisha rula chini ya kila mstari, polepole, kana kwamba anatafuta ugomvi. Hakuupata.

Ndipo tukaulaza mlango kwenye meza.

Kazi ilichukua asubuhi yote. Moshi wa libuyu una harufu tamu kidogo, na feni iliuvuta nje hadi wapita njia wakauliza tunapika nini. Kavira alisimama midomo ikimcheza, akisoma kila jina lilipokuwa likitokea. Mimi nilisimama na kidole juu ya kitufe chekundu cha kusimamisha, na kuanzia mstari wa ishirini na tisa nikaanza kuhesabu kwa sauti. Thelathini. Thelathini na moja. Thelathini na mbili. Kichwa cha leza kilikwenda na kurudi kama mtu anayefagia uwanja wake. Thelathini na nne. Kikarudi nyumbani kwake kwenye kona, kikanyamaza.

Mzee Paluku akautazama mlango muda mrefu, karatasi mkononi, akilinganisha jina kwa jina kwa kidole. Mwishoni akasema, "Iko sawa. Yote iko."

"Na weye?" Kavira akamwuliza.

"Mimi nini?"

"Jina yako haiko."

Alirudi kwenye karatasi. Ilikuwa kweli. Aliwaandika wajane, wapangaji, hata mtoto aliyezaliwa njiani, akajisahau mwenyewe. "Mimi batu bananiona," akasema. "Niko hapa."

"Bale beko hapa banakuona. Mutu wa kule, atakuonea wapi?"

Palikuwa na nafasi ya mstari mmoja, chini kabisa, mahali daraja linapofika mwisho wa reli zake. Kwenye maboksi hatukuwahi kujaribu chini kiasi kile. Kavira alinitazama. Nikamwambia aandike. Alipobonyeza kuanza, mzee alivua kofia, na jina lake likatoka limenyooka, herufi kwa herufi, chini ya mengine yote.

Miezi mingi ilipita. Wiki yangu ya mwisho kazini nilikwenda Bwera kuwaaga wateja, na Kavira akanipeleka kanisani niuone mlango mahali pake. Umefungwa ukutani barazani, ukingo wake wa juu ukifika kifuani mwa mtu, na mbao kuzunguka herufi imeng'aa kwa vidole vya watu. Tulimkuta mama mmoja pale, vumbi la njia hadi magotini, mtoto mgongoni. Alikuwa akisoma kutoka juu, kidole kikishuka jina kwa jina, na kila jina alitikisa kichwa kidogo. Hatukumsemesha. Alipofika katikati aliinama. Alipofika chini alichuchumaa.

Alikaa pale, kidole hakisogei.

"Hii jina," akasema bila kugeuka, "ni ya mutu muzima, ao ni ya kukumbuka tu?"

"Ni muzima," Kavira akajibu. "Mzee Paluku. Iko Nyakiyumbu, analima mihogo. Jumapili anakuja hapa kufundisha watoto."

"Balituambia kule kwake hakubakia mutu." Akakaa chini kabisa, na mtoto mgongoni akaamka. "Ni kaka yangu. Tumbo moja."

Nilimletea maji. Alikunywa, akampa mtoto, akajipangusa uso kwa ncha ya kitenge. Kavira alimshika mkono akamwambia apumzike kwake, wamlishe, na Jumapili si mbali, siku nne tu.

"Mimi sitangoja Jumapili," yule mama akasema.

Akasimama, akamfunga mtoto upya, akakaza fundo. Sisi watatu tukatoka barabarani kutafuta pikipiki ya kwenda Nyakiyumbu.